Mfumo Unasema 40, Rafu Ina 34: Kutafuta Hitilafu za Stoki Iliyounganishwa na Intaneti

Jijini Nairobi, kuanzia maduka ya jumla ya Nyamakima hadi maghala ya Barabara ya Mombasa, hesabu ya stoki siku hizi inapita kwenye skana, kompyuta za kaunta, tagi za redio na vihisi vinavyotuma data kwenye seva mchana na usiku. Idadi ikikosana na rafu, wa kwanza kulaumiwa ni keshia, wa pili ni mashine. Lakini mara nyingi namba huharibika njiani, pale inapotoka kwenye lebo kwenda kwa skana, au kwenye skana kwenda kwa programu, au kwenye kaunta kwenda kwa seva. Hizi hapa dalili tunazoziona sana, na pa kutafuta chanzo cha kila moja.

Kabla ya kugusa chochote

Usirekebishe idadi kwanza. Ukiandika 34 juu ya 40, umefuta ushahidi, na kesho tofauti itarudi bila wewe kujua ilikotoka. Chapisha kwanza orodha ya mienendo ya bidhaa hiyo, yaani kila kuingia na kila kutoka, pamoja na saa, kaunta na jina la aliyefanya. Kisha chagua bidhaa kumi, tano zinazotoka haraka na tano zinazolala, uzihesabu kwa mkono duka likiwa limefungwa.

Tazama tofauti inaelekea wapi. Mfumo ukiwa na nyingi kuliko rafu, kuna mauzo ambayo hayakufika, mzigo ulioingizwa mara mbili, au kitu kimeharibika au kuibwa bila kuandikwa. Mfumo ukiwa na chache, kuna mauzo yaliyorudiwa au mzigo uliopangwa kwenye rafu kabla ya kupokewa kwenye kompyuta. Tofauti ikiwa 11, 22 au 33, moja kwa moja shuku vipimo: mtu ameingiza katoni ya 12 kama pisi moja. Na ukikuta yogati ya stroberi imezidi kwa tisa huku ya vanila imepungua kwa tisa, keshia anaskani pakiti moja kisha anaandika idadi ya zote bila kujali ladha. Hiyo haihitaji fundi. Mzuie keshia kuandika idadi kwenye bidhaa zenye ladha au rangi tofauti, kila pakiti iskaniwe peke yake.

Skana inalia, lakini bidhaa "haipo" au inatokea nyingine

Mlio wa skana unasema tu kwamba mistari imesomeka. Hausemi kama programu imepokea kilichosomwa. Fungua Notepad kwenye kompyuta hiyohiyo, skani bidhaa, utazame kilichoandikwa tarakimu kwa tarakimu.

Ukiona tarakimu 12 mahali ulipotarajia 13, bidhaa hiyo ina msimbo wa UPC, wa kawaida kwa vitu vinavyotoka Marekani. Skana moja huutuma kama ulivyo, nyingine huongeza sifuri mbele. Ndiyo maana kaunta ya kwanza inaipata bidhaa na ya pili inasema haipo. Usiandikishe bidhaa mara mbili. Ukifanya hivyo stoki yake itagawanyika. Tafuta kwenye kijitabu cha skana msimbo wa kuwasha au kuzima sifuri hiyo, kisha uziskanie skana zote mpangilio mmoja.

Ikiwa tarakimu ziko sawa lakini lazima keshia abonyeze Enter kila mara, Enter ya mwisho imezimwa kwenye skana. Kwa misimbo yenu ya ndani yenye herufi, angalia Caps Lock: ikiwa imewashwa, skana nyingi zinazojifanya kibodi hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na ndogo kuwa kubwa. Alama zikibadilika, kwa mfano @ inatokea kama alama ya kunukuu, basi skana imepangwa kwa kibodi ya Marekani na kompyuta kwa ya Uingereza.

Kisa kinachosumbua kuliko vyote hapa huanzia Excel. Orodha ya bidhaa inapofunguliwa humo, msimbo 6161234567890 unageuka na kuonekana kama 6.16123E+12. Mtu akihifadhi faili hiyo kama CSV, kinachohifadhiwa ni hicho kinachoonekana, na ikifunguliwa tena inakuwa 6161230000000. Sasa kumbuka kwamba 616 ni kiambishi cha GS1 Kenya, shirika linalogawa misimbo, na tarakimu zinazofuata humtambulisha mwenye bidhaa. Kwa hiyo bidhaa zote zinazoanza na 6161234 zimekuwa kitu kimoja kwenye mfumo wako, au programu imekataa mistari yote isipokuwa wa kwanza. Dalili yake ni bidhaa nyingi za kampuni moja kupotea au kuchanganyika kwa siku moja, siku ambayo orodha ilipakiwa. Dawa: usiifungue CSV kwa kuibofya mara mbili. Iingize kupitia sehemu ya data ya Excel, na safu ya msimbo uitangaze kuwa maandishi kabla ya kuingiza. Faili iliyokwisha kuharibika haiponi, tarakimu zimekwenda. Rudi kwenye nakala ya zamani au uziskani bidhaa upya.

Ukitaka kujua kama msimbo umeandikwa vibaya kwa mkono, hesabu tarakimu ya mwisho. Chukua 12 za mwanzo za 6161234567890. Zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu na kuendelea hivyo: 6+6+2+4+6+8 = 32. Zilizo nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 1+1+3+5+7+9 = 26, zidisha kwa 3 upate 78. Jumla 110. Kinachohitajika kufikia kumi inayofuata ni 0, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, msimbo si sahihi.

Skana hailii kabisa

Kwanza futa kioo chake; vumbi la unga na simenti hutosha kuifunga. Pili, tazama lebo. Ikwaruze kwa ukucha: ikiacha alama nyeusi, ni karatasi ya joto isiyotumia riboni, nayo hufifia juani au karibu na jiko. Itumie kwa bidhaa zinazotoka ndani ya wiki chache, na kwa rafu za ghala tumia lebo za riboni. Mstari mweupe unaokwenda sambamba na mwendo wa karatasi kutoka lebo ya kwanza hadi ya mwisho ni kichwa cha printa: kisafishe kwa spiriti ya isopropili printa ikiwa imepoa, na ukibaki, nukta hiyo imekufa. Kwa muda, geuza msimbo nyuzi 90, ili mstari huo uikate mistari kwa upana wake badala ya kuufuta mmoja wao mzima.

Msimbo wa EAN-13, ule wa tarakimu 13, kwa ukubwa wa kawaida una upana wa milimita 37.29 pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Wengi hubana lebo hadi nafasi tupu zinapotea, halafu skana inalaumiwa.

Idadi iko chini ya sifuri

Hakuna rafu yenye pisi 17 pungufu ya hakuna kitu. Idadi hasi ni dalili nzuri, kwa sababu inapiga kelele, na ina vyanzo viwili vikubwa.

Cha kwanza ni vipimo. Bale ya unga wa kilo mbili ina pakiti 12. Karani akipokea bale 10 na kuandika 10 badala ya 120, pakiti ya kumi na moja ikiuzwa mfumo unaingia hasi. Iandikishe bale kama kipimo chenye msimbo wake, na uwiano wa 12 uwekwe ndani ya programu, usiachwe kichwani mwa karani. Katoni nyingi huwa na msimbo wa tarakimu 14 tofauti na ule wa pakiti. Uutumie wakati wa kupokea.

Cha pili ni mpangilio wa kazi: lori limeshusha saa mbili asubuhi, mzigo umeanza kuuzwa saa tatu, hati ya kupokea imeingizwa jioni. Baadhi ya programu huruhusu kuuza chini ya sifuri ili foleni isisimame. Usiizime ruhusa hiyo siku ya kwanza, utafunga kaunta. Toa ripoti ya bidhaa hasi kila asubuhi, na upokeaji ufanyike kwa skana ya mkononi langoni kabla paleti haijaingia ndani.

Intaneti ilikatika, na iliporudi mauzo yamekuwa mawili

Kaunta imetuma mauzo, seva imeyaandika, lakini jibu la kukubali limekatikia njiani. Kaunta haijui kama yamefika, kwa hiyo inatuma tena. Ikiwa kila mauzo hayana namba yake ya pekee inayotungwa na kaunta yenyewe, seva inaona ni mauzo mapya na inapunguza stoki mara ya pili.

Hakiki hivi. Toa mienendo ya siku hiyo, uhesabu mistari yote, kisha uhesabu namba za risiti zisizojirudia pamoja na bidhaa zake. Mistari ikizidi, umempata mwizi wako. Baada ya hapo fanya jaribio: unda bidhaa ya majaribio yenye pisi 100, uza moja, na uchomoe kebo ya mtandao mara tu unapobonyeza kumaliza. Subiri dakika tano, rudisha kebo, tazama. Rudia mara kadhaa kwa kuchomoa mapema au kuchelewa kidogo. Idadi ikipungua zaidi ya ulizouza, mpe mtengeneza programu matokeo hayo. Hili halirekebishwi kwa kubadilisha ruta.

Vihisi vinavyotumia itifaki ya MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi, vina tatizo lilelile katika sura mbili. Kwenye QoS 0, yaani kiwango cha chini cha uhakika wa kufikisha, ujumbe hutumwa mara moja, ukipotea umepotea. Kwenye QoS 1 lazima ufike, ila unaweza kufika mara mbili. Kwa stoki tumia 1, na seva ikatae namba ya ujumbe iliyokwisha kuiona.

Kuna hitilafu ya tatu inayofanana na hizi, na ndiyo mara nyingi inayozaa ile 40 dhidi ya 34. Mhesabu ghalani ameskani pisi 40 saa nne asubuhi, mahali waifai haifiki. Kifaa kimetuma hesabu saa nane mchana alipotoka. Katikati ya hapo sita zimeuzwa. Programu ikiandika "40" juu ya ilichonacho, imefuta mauzo sita halali. Programu nzuri hubeba saa ya kuhesabu na kutoa mauzo yaliyofuata. Kama yako haifanyi hivyo, hesabu rafu ambazo hazitauzwa saa hizo, na usitoke kwenye safu kabla kifaa hakijaonyesha kwamba kimetuma.

Lango la RFID linasoma mzigo wa jirani na kuruka wa kwako

RFID ndiyo hizo tagi za redio, na lango ni mlango wenye antena za kuzisoma. Hapa fizikia ndiyo bosi. Tagi za UHF, yaani za masafa ya juu sana, kwa kawaida hazina betri. Hupata nguvu kutoka kwenye wimbi la antena. Chuma hulirudisha wimbi hilo na maji hulimeza. Ndiyo maana katoni za shati husomwa zote, lakini katoni za juisi zilizo katikati ya paleti hazionekani.

Anza na kipimo. Chukua katoni 20 zenye tagi, zipitishe langoni mara 10, uandike zilizosomwa kila mara. Unatarajia 200. Usiangalie jumla peke yake, andika ni katoni zipi zinakosekana na zilikaa wapi kwenye paleti. Zikiwa za katikati daima, hamishia tagi upande wa nje wa katoni, au mahali palipo na hewa kati ya katoni na chupa. Kwa makopo tumia tagi za kubandikwa kwenye chuma, zilizo na tabaka la kuzitenga na kopo. Zikiwa za kubahatisha, zungusha tagi nyuzi 90: antena yenye wimbi la mstari mmoja haioni vizuri tagi iliyolala upande mwingine, na kwenye mlango wa ghala ni afadhali antena ya wimbi la mviringo. Zikikosekana za upande mmoja wa lango, kaza viunganishi vya kebo ya antena kabla ya kununua chochote. Mtetemo wa forklifti huvilegeza.

Katoni mbili zinazosomwa kama moja huwa na namba ileile ndani ya tagi. Printa iliishiwa na karatasi katikati ya kazi, mtu akaanzisha upya bila kuendeleza namba.

Kusoma kupita kiasi hutibiwa kwa kupunguza nguvu. Kwenye dBm, kipimo cha nguvu ya wimbi, kila 3 unazoshusha ni nusu ya nguvu: 30 ni wati moja, 27 ni nusu wati. Shusha moja moja huku ukirudia jaribio la katoni 20, usimame kabla ya zako kuanza kukosekana. Maghala mengi ya Industrial Area yana kuta na paa za mabati, na wimbi hudunda humo hadi mlango wa tatu. Nguvu peke yake isipotosha, weka kihisi cha mwali kinachowasha kisomaji pale tu paleti inapokatiza, na uamuru programu ikubali tagi iliyoonekana na antena ya ndani kisha ya nje kwa mfuatano huo. Wavu wa chuma kati ya malango husaidia pia.

Kisomaji kilichoagizwa bila kuuliza kinaweza kuwa cha masafa ya Marekani, 902 hadi 928 MHz. Huku masafa hayo yanaingiliana na ya simu za GSM 900, na kisomaji hakitatulia. Nunua cha Ulaya, 865 hadi 868 MHz, chenye idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Vifaa vya mkononi vinakatika katikati ya safu

Pima nguvu ya waifai ghala likiwa limejaa, si siku ya kufungua. Lenga −67 dBm au bora zaidi kila mahali mtu anaposkani. Kwenye −75 kifaa kitaonyesha kimeunganishwa na huenda kisitume kitu. Ning'iniza vituo vya waifai juu ya njia kati ya rafu, si juu ya rafu zenyewe. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu.

Kifaa kikiganda na kituo cha mbali huku kingine kiko juu ya kichwa, nguvu ya vituo ni kubwa mno. Ipunguze, kifaa kitahama mapema.

Na ikiwa kukatika kunatokea saa za chakula cha mchana, hesabu simu. Ruta ya kawaida hugawa anwani za mtandao zisizozidi 254, na kila simu ya mfanyakazi au mteja aliyepewa nywila huishika moja kwa saa 24. Zikiisha, kaunta iliyozimwa na kuwashwa haipati yake. Wape watu mtandao wao, na kaunta, printa na visomaji uviwekee anwani za kudumu.

Stima ikipotea

UPS ya VA 650 kwa kawaida ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani 84 Wh kwenye karatasi. Kwa mzigo wa wati 100 utapata dakika 20 hivi, ikiwa betri ni mpya. Baada ya miaka miwili au mitatu huenda hata tano zisifike. Ijaribu kwa kuichomoa ukutani kila mwezi. Usiunganishe printa ya leza humo.

Kosa la kawaida ni kulinda ruta na kusahau kisanduku cha faiba kilicho ukutani, ambacho nacho kinakula stima. UPS ndogo za volti 12 za kuviendesha hivyo viwili zinapatikana mtaa wa Luthuli. Lakini stima ilipopotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, hakuna UPS ya kaunta ambayo ingetosha. Hakikisha programu inauza bila seva, na ujaribu hilo siku ya kawaida.

Vihisi vya joto na mizani

Friji ya dawa haiwezi kufika nyuzi −127. Kihisi cha DS18B20 kikionyesha namba hiyo, waya umekatika au umelegea. Kikionyesha 85 kamili, kimewashwa na kusomwa kabla ya kumaliza kupima, au stima yake inakatika. Angalia kizuizi (resista) cha kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa volti. Kipimo kikipanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa, tumbukiza kihisi kwenye chupa ndogo ya maji, kwa kuwa unataka joto la dawa, ile ya nyuzi 2 hadi 8, na si la hewa.

Mizani ya kuhesabu vitu vidogo hupunguza stoki bila mtu kuiba. Chukua bolti ya gramu 12.4 kwenye mizani inayosogea kwa gramu 5. Ukiifundisha kwa bolti 10, uzito ni 124, itaonyesha 125, nayo itaamini bolti moja ni 12.5. Sanduku la bolti 2,000 lina gramu 24,800, kwa hiyo itasema 1,984. Kumi na sita zimepotea hewani. Ifundishe kwa bolti 100 na kosa linatoweka. Mizani inayotumika kumuuzia mteja lazima pia ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513.

Ripoti ya siku hailingani na droo

Ikiwa tofauti ni ya mauzo ya usiku tu, kati ya saa sita na saa tisa, seva inatumia saa ya UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Mzigo uliopokewa saa nane usiku tarehe 1 unaandikwa mwezi uliopita. Badilisha eneo la saa liwe Africa/Nairobi kwenye ripoti, si kwenye data. Kompyuta inayorudi tarehe ya zamani kila ikichomolewa inataka betri mpya ya CR2032.

Stoki ya programu ikikosana na ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, uliza kama kuna mtu anafuta mauzo kwenye kaunta baada ya ankara kutumwa KRA. Bidhaa inarudi kwenye programu, ila huko ankara bado iko. Mauzo yaliyotumwa hubatilishwa kwa krediti noti tu. Mwondolee keshia kitufe cha kufuta.

Vitu vilivyorudishwa na wateja navyo viwe na mahali pake kwenye mfumo. Blenda iliyorudi ikiwa mbovu, ikirudishwa kwenye stoki ya kuuzwa, itaonekana ipo mpaka mteja wa mtandaoni ailipie. Unda eneo la "mbovu", ulihesabu kila Ijumaa, na kila kitu humo kiwe kimeandikiwa kinarudi kwa msambazaji, kinatengenezwa au kinatupwa.